Doa la Jua Sikioni: Jeni Zetu Zinatuambia Nini?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi na kuiandika katika insha mpaka imechakaa. Mimi nilikuja kuielewa kwelikweli mwaka jana, nikiwa nimeketi mbele ya daktari wa ngozi, sikio langu la kushoto limeshikwa kama la mtoto aliyekosa.

Najua jarida letu limezoea ngeli, fasihi na mashairi. Lakini mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama alitangaza kwamba anayetaka kuandika somo la sayansi aandike, mradi aliandike kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wenzangu walicheka. "Ati jenetiki kwa Kiswahili? Utaweza wapi!" Basi nikasema nitajaribu, na somo ninalo tayari, kwa sababu lilianzia kwenye ngozi yangu mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Wengi mnanijua kwa kofia yangu. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nimezaliwa na kulelewa Skuta, hapa hapa Nyeri. Mwaka jana mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi yetu ya gathano, nilihisi kitu kikavu juu ya sikio. Ukikitazama kwenye kioo huoni mengi, ni wekundu kidogo tu. Ukikigusa, kinakwaruza kama msasa wa fundi seremala. Nilikibandua. Baada ya wiki mbili kikarudi palepale.

Nilimwonyesha shosho. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Hiyo ni baridi tu, mjukuu wangu. Paka mafuta ya kukamulia ng'ombe."

"Lakini shosho, si inaweza kuwa jua?"

"Jua?" Akaangalia nje, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua. "Jua liko wapi hapa? Wiki nzima nguo hazijakauka!"

Nami nikacheka, nikapaka mafuta. Kusema kweli nilikubaliana naye. Mwezi wa Septemba mama alinipeleka hospitali kwa ajili ya macho, na sista aliyekuwa akinipima ndiye aliyeliona sikio. Akatutuma kwa daktari wa ngozi. Daktari hakuanza na mashine. Alianza na kidole. Alipapasa masikio, paji la uso na nyuma ya shingo huku amefumba macho, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akanieleza kwamba madoa haya mara nyingi hujulikana kwa kidole kabla ya jicho. Alipata matatu.

"Haya huitwa keratosi ya jua," akasema. "Si saratani. Lakini yako kwenye barabara ya kwenda huko. Mengine hupotea yenyewe, mengine hukaa tu, na machache huendelea mpaka yakawa saratani. Shida ni kwamba kwa kuangalia tu siwezi kukuambia lipi ni lipi."

Nikamuuliza, ndani ya doa kunatokea nini hasa? Akatabasamu, akasema, "Uko kidato cha ngapi? Nenda ukamuulize mwalimu wako wa Bayolojia habari za jeni inayomlinda mtu na saratani." Nilimwuliza mwalimu, nikasoma, nikauliza tena. Haya ndiyo niliyoyapata.

JUA LA NYERI LIMEJIFICHA, HALIJAONDOKA

Tuanze na kosa langu na la shosho. Tulidhani jua ni joto. Kumbe sivyo. Joto tunalolisikia mwilini na mionzi inayoharibu ngozi ni vitu viwili tofauti, ingawa vyote vinatoka kwenye jua moja. Mionzi inayoharibu inaitwa urujuanimno. Haionekani kwa macho wala haina joto la kukuonya.

Sasa fikirieni tunapokaa. Mji wa Nyeri hauko mbali na Ikweta, upande wa kusini. Ukipanda matatu ukapita Kiganjo na Naro Moru, hutachukua muda mrefu kufika Nanyuki kwenye ule ubao wa Ikweta ambapo watalii hupigiwa picha. Maana yake jua la adhuhuri hutupiga karibu wima mwaka mzima. Isitoshe, tuko juu, yapata mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mlima, hewa ya kuchuja mionzi hupungua, na urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kwa hivyo saa sita ya mchana, mbingu zikiwa safi, mtu wa Nyeri hupata urujuanimno mwingi kuliko mtu wa Mombasa, hata kama yule wa Mombasa ndiye anayetokwa jasho.

Na mawingu je? Mawingu mazito hupunguza mionzi, ni kweli. Lakini mawingu mepesi, kama yale ya gathano yanayokaa tu juani kama pazia, huruhusu sehemu kubwa ipite. Ngozi inaungua na mwenyewe anatetemeka kwa baridi. Ndivyo nilivyoungua mimi.

JENI NI NINI, NA "KUFANYA KAZI" KWAKE NI NINI?

Wenzetu wa kidato cha kwanza wasiogope, tutakwenda polepole.

Mwili wetu umejengwa kwa seli. Ndani ya kiini cha kila seli mna kromosomu 46, na ndani ya kromosomu mna uzi mwembamba sana unaoitwa DNA. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, C na G. Kipande cha maandishi chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, ndicho tunachokiita jeni. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukwama. Seli ya ngozi na seli ya jicho zina jeni zilezile. Mbona basi ngozi si jicho? Fikirieni maktaba yetu ya shule. Vitabu ni vilevile kwa wote, lakini kidato cha kwanza huazima vingine na kidato cha nne huazima vingine. Vilivyobaki vimo kwenye rafu, vimefungwa. Seli nayo hufungua jeni inazozihitaji na kuziacha nyingine zimefungwa.

Tena seli haitoi kitabu chenyewe nje ya maktaba. Hunakili ukurasa inaoutaka, na ile nakala huitwa RNA mjumbe. Nakala hupelekwa nje ya kiini, ikasomwa, protini ikatengenezwa. Jeni inayonakiliwa sana tunasema inafanya kazi kwa nguvu. Isiyonakiliwa tunasema imenyamaza. Wanasayansi wakitaka kujua kipande cha ngozi kina shughuli gani, huhesabu nakala hizo, kama vile mkutubi anavyotazama daftari la kuazimia akajua mtihani wa somo gani umekaribia.

JENI MBILI ZISIZOFAA KUCHANGANYWA

Kuna jambo lililomsumbua mama yangu miaka mingi, kwa hiyo naliandika wazi.

Ualbino hutokana na jeni za kurithi. Aina iliyo ya kawaida zaidi hapa Afrika Mashariki inahusu jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 1994 wanasayansi waligundua kwamba Waafrika wengi wenye ualbino wana pengo lilelile katika jeni hiyo, yaani kipande cha herufi kama 2,700 hakipo. Seli za kutengeneza rangi zipo kwenye ngozi yangu kama zilivyo kwenye yako. Ila haziwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Melanini ndiyo mwavuli wa seli: hukaa juu ya kiini, ikazuia mionzi isifikie DNA.

Mtu huwa na ualbino wa aina hii akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe, wakiwa na nakala moja nzima na moja mbovu, huwa na rangi yao ya kawaida. Kwa kila mtoto wao, uwezekano ni mmoja kati ya minne. Kwa hiyo wale majirani waliomwambia mama ati alifanya jambo baya ndipo nikazaliwa hivi, walikosa somo la kidato cha nne. Jeni ilitoka pande zote mbili, na hakuna aliyekosa.

Doa la sikioni ni habari nyingine kabisa. Sikulirithi. Doa linatokana na jeni zilizoharibika baada ya kuzaliwa, katika seli chache za ngozi mahali jua lilipopiga. Jeni hizo hazimo katika mbegu za uzazi, kwa hiyo sitampa mtoto wangu doa. Ualbino uliacha mlango wazi, na jua ndilo lililoingia.

Ndiyo sababu hata mtu mwenye melanini hana budi kusikiliza somo hili, ingawa hatari yake ni ndogo sana kuliko yangu. Wazungu wakulima wa Australia hupata madoa haya kwa wingi uzeeni. Sisi wenye ualbino tunayapata tukiwa bado shuleni. Mwaka 1985 madaktari waliandika habari za watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam, na waliona kwamba ngozi ilianza kuharibika tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Mwaka wa kwanza, jamani! Mtoto bado amebebwa mgongoni.

JUA LINAVYOHARIBU MAANDISHI

Mionzi ya urujuanimno ikifika kwenye DNA, hupenda mahali ambapo herufi C na T zimekaa jirani. Hugandisha herufi mbili jirani pamoja, kama kurasa mbili za daftari zilizomwagikiwa uji. Seli ina mafundi wa kukata kipande kilichoganda na kuweka kipya. Mafundi hawa hufanya kazi usiku na mchana. Lakini wakizidiwa, seli ikagawanyika kabla ya matengenezo, C husomwa vibaya ikawa T. Wakati mwingine CC mbili hugeuka TT kwa pamoja. Hilo la CC kuwa TT ni kama sahihi ya jua. Ukilikuta ndani ya jeni, unajua nani aliyeandika.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walikuta sahihi hiyo katika saratani za ngozi, ndani ya jeni moja muhimu iitwayo TP53, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1994 wakaikuta pia kwenye madoa ya keratosi ya jua, yaani kabla saratani haijafika.

TP53 hutengeneza protini iitwayo p53. Kazi yake mimi huifananisha na mwalimu wa zamu. Seli ikipata hasara, p53 husimamisha kila kitu: "Hakuna kugawanyika mpaka utengeneze DNA yako!" Ikiwa hasara haitengenezeki, p53 huiamuru seli ijiue yenyewe kwa utaratibu, isije ikaharibu wenzake. Umewahi kuona ngozi ya mtu aliyeungua na jua ikibanduka? Miongoni mwa zinazobanduka ni seli zilizotii amri hiyo.

Sasa tazameni ubaya unavyoingia. Seli moja imeharibika TP53. Mwalimu wa zamu hayupo. Jua linakuja kesho yake. Seli majirani, zilizo nzima, zinaumia na kutii: zinajiua. Ile mbovu inakataa. Majirani wakishaondoka, nafasi imebaki, na ile mbovu inazaana kuijaza. Kwa hiyo jua hufanya mambo mawili: kwanza huiharibu seli, halafu huifyekea shamba. Ukiungua mara kwa mara, seli mbovu ndizo zinazofaidika.

NDANI YA DOA: NANI AMENYAMAZA, NANI ANAPIGA KELELE?

Tufungue doa lenyewe sasa, tuone daftari la maktaba linasema nini.

Kwanza, p53. Ajabu ni kwamba mara nyingi protini hii huonekana kwa wingi ndani ya doa, kuliko kwenye ngozi nzima. Utasema basi kazi inafanyika. La! Protini iliyoharibika haiondolewi upesi, kwa hiyo hurundikana. Mwalimu wa zamu anaonekana uwanjani, amesimama, lakini hasemi neno. Hapa tunajifunza kwamba kuhesabu tu hakutoshi. Lazima ujue kilichohesabiwa kinafanya nini.

Pili, jeni za ukomavu. Seli ya ngozi huzaliwa chini, ikapanda polepole kwenda juu, na njiani hukomaa: hubadilisha aina ya keratini inayotengeneza, hupoteza kiini, na mwisho hubanduka ikiwa kavu na imekufa. Jeni iitwayo NOTCH1 ni mojawapo ya zinazoagiza ukomavu huo. Katika ngozi iliyopigwa na jua sana, NOTCH1 nayo mara nyingi huwa imeharibika. Seli hazikomai sawasawa. Hufika juu zikiwa bado na viini, zikashikamana na kurundikana. Ule msasa niliousikia kwa kidole ndio huo: seli ambazo hazikujua wakati wa kuondoka.

Tatu, jeni za dharura. Ukijikata na panga shambani, seli za pembeni mwa kidonda hufungua jeni za keratini namba 6, 16 na 17. Ni jeni za kuziba kidonda haraka. Kidonda kikipona hufungwa tena. Kwenye doa la jua, jeni hizi hukaa wazi ingawa hakuna kidonda. Ni kama kengele ya moto inayolia wiki nzima na hakuna moto.

Nne, jeni za vimeng'enya vinavyokata kolajeni, zile kamba zinazoshikilia ngozi kutoka chini. Jua huziamsha. Kamba zikikatika, ngozi hukunjamana na kuzeeka, na boma la kuzuia seli mbovu zisipenye chini hudhoofika.

Lakini doa bado si saratani. Tofauti ni nini? Katika doa, seli mbovu zimebaki kwenye tabaka la juu la ngozi. Hazijavuka sakafu. Zikivuka, hapo inakuwa saratani kamili, na aina inayotupata zaidi sisi wenye ualbino ni ile inayoanzia kwenye seli hizi za juu, hasa kichwani na shingoni.

Mwaka 2010 watafiti walilinganisha shughuli za jeni katika ngozi nzima, doa la jua na saratani hiyo. Walikuta kwamba doa liko katikati: jeni nyingi zilizoanza kupanda au kushuka kwenye doa, ziliendelea upande uleule kwenye saratani. Maneno ya daktari wangu yakathibitika. Ni barabara moja, na doa ni kituo njiani.

Tena mwaka 2015 wengine walichunguza ngozi ya kope za watu wanne ambayo kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Karibu robo ya seli zilikuwa tayari na mabadiliko ya jeni yanayoweza kuelekea saratani, yakiwemo ya NOTCH1 na TP53. Kwa hiyo safari huanza zamani kabla ya doa kuonekana. Na kwa sababu seli nyingi zenye mabadiliko hazifiki mbali, jambo hili halifai kututia hofu. Linafaa kututia akili.

JE, MTU ANAWEZA KURUDI NJIANI?

Anaweza. Hili ndilo ninalotaka likumbukwe kuliko yote.

Siku ile daktari alileta chupa inayotoa moshi mweupe. Ilikuwa naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Alipulizia kila doa sekunde chache. Ilichoma kama upupu, nikauma midomo nisiaibike mbele ya mama. Seli ziliganda, zikafa. Baada ya siku chache palifanya lengelenge, pakakauka, pakabanduka. Chini yake palikuwa laini.

Kuna pia krimu. Moja huitwa fluorourasili. Huizuia seli isitengeneze herufi T ya DNA. Seli zinazogawanyika ovyo huhitaji herufi nyingi, kwa hiyo ndizo zinazoumia kwanza. Nyingine, imikwimodi, huamsha askari wa mwili wakaja kuzishambulia seli mbovu wenyewe. Dawa hizi hutolewa na daktari, si za kununua kienyeji.

Lakini habari iliyonifurahisha zaidi haikuwa ya dawa kali. Mwaka 1993 ilichapishwa taarifa ya utafiti wa Australia. Watu 588 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipaka mafuta ya kuzuia jua kila siku kwa msimu mmoja wa kiangazi, kundi la pili likapaka mafuta yasiyo na kinga. Waliopaka kinga walipata madoa mapya machache, na madoa mengi zaidi ya zamani yakapotea. Ukiacha kuzifyekea seli mbovu shamba, seli nzima hupata nafasi ya kurudi.

Kwetu Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kutoa mafuta hayo bure kwa watu wenye ualbino. Jirani zetu Tanzania wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako mafuta ya aina hii yametengenezwa na kliniki za kuzunguka vijijini zimeendeshwa. Hata hivyo mafuta peke yake hayatoshi. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kote, si ile ya mbele tu, kwa maana masikio na shingo hubaki nje. Mikono mirefu. Kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Na kidole: pitisha kidole usoni, masikioni na nyuma ya mikono kila mwezi. Ukikuta msasa, au kidonda kisichopona kwa mwezi, nenda hospitali.

OMBI LANGU

Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja, kofia ilikuwa makosa. Sare ni sare, tuliambiwa. Paredi ya asubuhi ilianza mapema, lakini siku za michezo na za mashindano ya kwaya tulisimama uwanjani hadi saa saba. Mara moja mwalimu alinivua kofia mbele ya wote, akaiweka mfukoni. Sikumlaumu sana, na hata leo simlaumu, kwa kuwa siku ile kulikuwa na mawingu. Yeye, kama shosho, alidhani jua halipo. Sikio lile lililoungua ndilo hili la kushoto.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina watu 9,729 wenye ualbino. Si wengi. Lakini wako mashuleni, sokoni Karatina wakiuza viazi, mashambani wakichuma chai na kahawa. Naomba wanafunzi na walimu wetu mambo matatu. La kwanza, mwenye ualbino aruhusiwe kofia na mikono mirefu popote, hata kwenye paredi, bila kuandika barua kila muhula. La pili, zamu za kazi za nje za mchana abadilishane na mwenzake. Mimi niko tayari kuosha vyombo jikoni badala ya kufyeka. La tatu, tuache lile jina la zamani la kutuita kama vile sisi ni mizimu. Sema "mtu mwenye ualbino" au, rahisi zaidi, niite jina langu.

Nilipomaliza kuandika makala haya nilimsomea shosho, hasa pale pa mawingu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe jua lilikuwapo." Kesho yake alishuka mjini na matatu ya asubuhi, akarudi na kofia ya mitumba, pana kama sinia. Ndiyo hii mnayoicheka bwenini. Chekeni tu, lakini msiivue.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya jeni iliyoleta ualbino na jeni zilizoharibika ndani ya doa la jua. Ipi hurithiwa?
2. Kwa nini mtu anaweza kuungua na jua Nyeri siku ya baridi yenye mawingu mepesi?
3. Protini ya p53 inaweza kuwa nyingi ndani ya doa na bado isifanye kazi. Eleza.
4. Baba na mama wote wana nakala moja mbovu ya OCA2. Chora jedwali uonyeshe uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino.
5. "Jua huharibu seli, halafu huifyekea shamba." Fafanua kauli hii.

MSAMIATI

Jeni: kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani mwilini.
Keratosi ya jua: doa kavu lenye magamba, litokanalo na kupigwa na jua kwa muda mrefu, ambalo laweza kugeuka saratani.
Melanini: rangi ya ngozi, nywele na macho, hukinga seli na mionzi.
RNA mjumbe: nakala ya jeni inayopelekwa nje ya kiini ili protini itengenezwe.
Urujuanimno: mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, inayoharibu DNA.
Msasa: karatasi yenye chembechembe za kulainishia mbao.